Nywele ni za Nani?

Binti mmoja wa Naitiri, baina ya Kitale na Bungoma, ametuuliza: nywele zake amezitia dawa ya kunyoosha, na kesho kutwa ana arusi, je, ajipake nyumbani rangi ya saluni? Mamake asema ni haramu. Yeye amjibu, "Nywele ni zangu."

Twaona wote wawili wamekosea. Mama ameharimisha kilichohalalishwa. Siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria (630), Abu Quhafa, babake Sayyidna Abubakar, aliletwa na kichwa cheupe kwa mvi, Mtume (S.A.W.) akaamrisha zibadilishwe rangi, ila weusi uepukwe.

Na binti amejifanya mwenye mali, hali mwili ni amana aliyokabidhiwa. Dawa ya kunyoosha hukata vifungo vya ndani ya unywele. Rangi ya kudumu nayo huyafungua magamba yake. Zikifuatana upesi, nywele hukatika na ngozi huungua. Sisi wa pwani tumekwisha ona mikono ya maarusi ikitoka malengelenge kwa piko iliyotiwa rangi hiyo hiyo ya nywele.

Basi na angoje wiki 2 kwa uchache, kisha aijaribu rangi kidogo nyuma ya sikio, saa 48 kabla, ikimwasha, aiache. Arusi itapita bila ya rangi, na kichwa chake kitasalimika. Kujipamba ni ruhusa. Kujidhuru hakukuruhusiwa kwa jina la pambo.

Wallahu aalam.