Joto Chini ya Barafu

Mara ngapi tumemtaja ndugu aliyeacha kuja ibadani, tukasema, "Imani yake imepoa"? Je, tunayo haki ya kumhukumu hivyo tukiwa mbali naye?

Enceladus ni mwezi mdogo wa sayari ya Zohali, mweupe kwa barafu. Baridi yake hufikia karibu nyuzi 200 za Selsiasi chini ya sifuri, na ncha yake ya kusini ilitazamiwa kuwa baridi zaidi. Mwaka 2005 chombo cha Cassini kilipita karibu nao. Hakikugusa barafu, kilipokea tu mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ambayo kila kitu hutoa hata kikiwa baridi namna gani. Kumbe ncha ile ilikuwa na joto kuliko ikweta! Joto lilitoka ndani, kupitia nyufa.

Hata hivyo, chombo kilipima uso tu. Vilindi vya moyo avijuaye ni Mungu. Samweli alijifunza hayo nyumbani kwa Yese. Basi kabla ya kumtangaza ndugu kuwa amepoa, twende tukabishe hodi kwake. Huenda ni sisi tuliokaa mbali mno, tusilihisi joto lake.