Usafi Wetu ni wa Nani?

Katika darasa yetu ya baada ya Isha, tulipokuwa tukisoma mlango wa tahara, ndugu mmoja afanyaye kazi bandarini aliuliza swali lililotufanya tufunge kitabu mpaka usiku wa pili. Alisema: "Maalim, kila mwezi fedha nitoazo kununua dawa za kusafishia nyumba zakaribia kuwa sawa na fedha za kitoweo. Nikinena, naambiwa kuwa usafi ni katika imani. Je, katika usafi nako kwaweza kuwa na israfu? Na ikiwa iko, mpaka wake ni upi?"

Hatukumjibu papo hapo, kwani kila mmoja wetu alihisi kuwa swali hilo lamgusa yeye mwenyewe. Mmoja wetu alipofika kwake alifungua kabati iliyo chini ya sinki akahesabu, akakuta chupa na makopo 11: ya sakafu, ya vigae, ya vioo, ya choo, ya sinki, ya meza, ya vyombo, ya nguo nyeupe, ya nguo za rangi, ya kulainisha nguo, na ya kunukiza hewa. Akatwambia kuwa bibi yake, aliyeolewa na babu yake katika nyumba hiyo hiyo, aliishi humo umri wake wote kwa sabuni ya kipande, jivu, ndimu, kumbi la nazi na ufagio wa chelewa, wala hakuna jirani aliyepata kusema kuwa nyumba ile ni chafu. Basi ni nini kilichozidi: ni uchafu, au ni kitu kingine?

Kwanza yatupasa tujue Sharia imetaka nini. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi wametufundisha kuwa kinachoondoa najisi ni maji yaliyobaki katika asili yake, maji matupu ya mvua, ya kisima, ya mto au ya bahari. Sabuni ni msaidizi wa kung'oa kilichoganda, si badala ya maji. Na manukato hayaondoi najisi hata yakimwagwa chupa nzima, bali huificha tu. Nguo iliyosuguliwa na kusuuzwa ikabaki na alama ya rangi isiyokubali kutoka, alama hiyo imesamehewa na Sala yasihi kwa nguo hiyo. Na chombo kilichorambwa na mbwa, tulichoamrishwa kukiosha mara saba, mara moja katika hizo ni kwa udongo. Tazameni, ndugu zetu, jambo zito kuliko yote katika mlango huu limemalizwa kwa maji na mchanga, vitu ambavyo hakuna maskini asiyeweza kuvipata.

Na kisa cha bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) ni mashuhuri. Masahaba walimkemea, lakini Mtume akawazuia mpaka mtu yule akamaliza haja yake, kisha akaamrisha iletwe ndoo ya maji ikamwagwa pale mahali, na yule bedui akafundishwa kwa upole kuwa misikiti haikuwekwa kwa jambo hilo. Msikiti ule ni katika mahali patukufu mno duniani, na ndoo moja ya maji ilitosha kuutahirisha. Tena tumepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haifiki lita moja, na akioga kwa mudi nne mpaka tano. Hapana mwanadamu aliyekuwa safi kuliko yeye, na hapana aliyekuwa mbali na ufujaji kuliko yeye.

Hapa ndipo ilipo hekima tunayotaka kuionyesha. Usafi umefanywa nusu ya imani. Na kitu kilichofanywa nusu ya imani hakiwezi kuwa ni kitu cha matajiri peke yao, kwani lau ingekuwa hivyo, maskini angekuwa na upungufu katika dini yake kwa sababu ya upungufu wa mfuko wake, na hilo ni muhali. Basi kila tunapoufanya usafi kuwa ni jambo la gharama, twakifunga kwa ufunguo wa fedha kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekiacha wazi kwa waja wake wote.

Huenda akasema mtu: "Hayo yalikuwa ya zamani. Leo tumejua kuwa kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na maradhi kama kipindupindu hayaondoki kwa jivu na kumbi." Twamjibu kuwa elimu hiyo ni ya kweli na sisi twaipokea kwa mikono miwili, lakini na aisikilize mpaka mwisho. Sabuni ya kawaida ina upande mmoja ushikao mafuta na upande mmoja ushikao maji, na kwa hivyo huung'oa uchafu pamoja na vijidudu vyake vikachukuliwa na maji. Mwaka 2016 serikali ya Marekani, kwa idara yake ya kusimamia vyakula na madawa, ilipiga marufuku viungo 19 vilivyokuwa vikitiwa katika sabuni za kuogea na kunawia zinazosifiwa kuwa ni za kuua vijidudu, kwa kuwa waliozitengeneza hawakuweza kuthibitisha kuwa zafaa zaidi kuliko sabuni ya kawaida na maji. Na lilipotufikia janga la korona mwaka 2020, ulimwengu wote uliambiwa uoshe mikono kwa kitu kile kile, sabuni na maji. Ama ile dawa ya klorini ambayo watu huiita jiki, hatusemi kuwa haina maana. Nyumba yenye mgonjwa wa kutapika na kuharisha yaihitaji. Lakini dawa ya siku ya ugonjwa si maji ya kila asubuhi.

Tena katika wingi wa dawa hizi mna hatari ambayo wengi hawaijui. Jiki ikichanganywa na dawa kali ya choo, au na siki, au na ndimu, hutoka hewa ya sumu ichomayo macho na mapafu. Katika mtaa wetu tumepata kumwona binti mtumishi akitolewa chooni akikohoa hata hawezi kusema, kwa kuwa alichanganya vitu viwili alivyopewa na bibi wa nyumba akidhani kuwa viwili vitasafisha zaidi kuliko kimoja. Mlango ulikuwa umefungwa, dirisha ni dogo, na maandishi ya onyo yaliyo juu ya chupa ni ya lugha asiyoijua. Mwenyezi Mungu alimponya. Lakini sisi twauliza: sakafu iliyong'ara kwa kudhuru mapafu ya mtoto wa watu, ni safi? Sharia yetu imekataza mtu kudhuru na kudhuriwa, na mtumishi ni amana mkononi mwa aliyemwajiri.

Huenda akasema mwingine: "Mwenyezi Mungu ni mzuri na apenda uzuri. Kwani ni haramu nyumba kung'ara na kunukia?" La, si haramu. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, akabainisha kuwa hilo si kiburi, bali kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Nasi hatuwaambii watu wazime vyetezo vyao. Udi na asumini ni katika mila njema za mwambao wetu. Lakini katika jibu hilo hilo ndimo mlimo kipimo. Na mtu aiulize nafsi yake: je, uzuri huu umenifanya niwadharau walio nje yake? Kwani tunawajua wanawake wema, wenye nyumba zilizofagiwa na mikeka iliyokung'utwa, wanaofunga milango wasipokee wageni kwa sababu tu nyumba zao hazitoi ile harufu ya dukani. Wanaona haya kwa jambo lisilo aibu, na haya hiyo ni sisi tulioitia nyoyoni mwao. Ugeni na kuunga udugu ni ibada. Basi chupa ya shilingi mia kadhaa imekuwa ukuta baina ya Mwislamu na jirani yake, na huo ndio ufujaji ulio mkubwa kuliko fedha zenyewe.

Swali hili tulilipeleka pia katika darasa ya akina mama, na jawabu iliyotufikia ilitunyamazisha. Mama mmoja mtu mzima alisema: "Waambieni wanangu hao kuwa wasitulaumu sisi peke yetu. Mume aingiapo nyumbani husema, 'Mbona leo hapanukii?' Sijamsikia hata mmoja akisema, 'Leo pamefagiliwa vizuri, Mungu akulipe.' Watu hununua kile wanachosifiwa kwacho." Wallahi amesema kweli. Sisi wanaume ndio tulioifanya harufu kuwa shahidi wa usafi, kisha twalalamika tunapoletewa hesabu yake. Na ilhali Bibi Aisha (R.A.) ametueleza kuwa Mtume (S.A.W.) alipokuwa nyumbani alikuwa katika kuwatumikia watu wake, wangapi katika sisi tumepata kushika ufagio?

Sasa tuseme yanayotosha, ili maneno yetu yasiwe ni lawama tupu. Sabuni ya kipande yatosha kwa nguo, kwa vyombo na kwa mikono. Magadi, yatokayo katika ziwa la Magadi la hapa hapa Kenya, yakikorogwa katika maji ya moto huondoa mafuta jikoni, ila sufuria za bati jeupe zisitiwe, kwani huzila na kuzitia weusi. Siki au ndimu huyeyusha ule ukoko mweupe uachwao na maji ya chumvi katika mabirika na mifereji; lakini mwenye nyumba ya zamani asiimwage juu ya marmar wala juu ya sakafu na kuta za chokaa, kwani huzila nazo. Wala asichanganye magadi na siki akidhani kupata nguvu mbili, kwa sababu kila kimoja huiua nguvu ya mwenziwe, na lile povu linaloonekana ni makelele tu. Magodoro na mikeka yataka jua. Na chupa moja ya jiki iwekwe mbali na watoto, itumiwe peke yake, ikizimuliwa kwa maji, madirisha yakiwa wazi.

Na wale wanaotumia maji ya visima, wajue kuwa maji ya chumvi hayafanyi povu jingi, na mwenye kudhani kuwa povu ndilo usafi atamaliza vipande viwili mahali pa kimoja. Ama maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, na kila siku mitaani mwetu mna watu wanunuao maji kwa madumu. Kila dawa ya ziada yenye kutaka kusuuzwa mara ya pili na ya tatu ni dumu jingine la maji. Mwenye kuhesabu bei ya chupa na asiisahau bei ya maji yake.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito. Twasafisha ndani ya nyumba kwa vitu 11, kisha maji machafu twayamwaga kichochoroni, na chupa tupu twazitupa mtaroni ziende zao baharini. Mwaka 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, watu wakanung'unika, kisha wakazoea vikapu. Lakini chupa zingali zikitoka majumbani mwetu kila wiki. Mtume (S.A.W.) amelihesabu tendo la kuondoa kitu chenye kuudhi njiani kuwa ni tawi la imani. Hakulifunga tawi hilo ndani ya vyumba vyetu. Mtu ambaye sebule yake yang'ara na mlango wa jirani yake wanuka, hakuuondoa uchafu, ameuhamisha tu.

Basi jawabu yetu kwa ndugu yetu aliyeuliza ni hii. Ndiyo, katika usafi kwaweza kuwa na israfu, kama ilivyo katika kula na kunywa, na hata katika maji ya udhu. Na mpaka wake ni huu: kinachoondoa uchafu ni usafi, na kinachozidi hapo kikipendeza bila ya dhara wala deni ni mubaha, lakini kinachonunuliwa kwa ajili ya macho na pua za watu, kikamdhuru mtumishi, au kikapunguza kitoweo cha watoto, au kikamtia jirani haya, hicho si katika imani, japo kinaitwa kwa jina lake. Wala asirudi nyumbani akamwekea mkewe amri. Na aanze kwa kusifu kilicho safi asisubiri kinachonukia, na ashike ufagio siku ya Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Tunadhani chupa zitapungua zenyewe.

Mwenyezi Mungu azisafishe nyoyo zetu kabla ya sakafu zetu, na atupe taufiki ya kuyatenda haya tuliyoyasema, sisi tulioyasema kabla ya nyinyi mliyoyasoma. Amin.