Tamthilia ya Kutisha na Dhiki ya Kweli

Aghalabu mtu akisimuliwa habari ya taabu iliyopita kiasi huuliza kama jambo hilo ni kweli au ni chumvi ya msimulizi. Swali hilo limeulizwa sana juu ya tamthilia ya televisheni ya Korea Kusini, Squid Game, yaani Mchezo wa Ngisi, iliyoanza kuonyeshwa na kampuni ya Netflix mwezi wa Septemba 2021. Katika tamthilia hiyo watu 456 waliolemewa na madeni huchukuliwa mpaka kisiwa cha siri, wakachezeshwa michezo ya watoto. Anayeshindwa huuawa. Kila roho inayotoka huongeza won milioni 100 katika fungu la zawadi, na atakayesalia mwisho hupata won bilioni 45.6. Mtungaji wake, Hwang Dong-hyuk, alianza kuiandika karibu na mwaka 2009, wakati yeye mwenyewe alipokuwa katika dhiki ya fedha. Na kwa miaka mingi wenye mali ya kutengeneza filamu waliikataa, wakisema ni ya kutisha mno na haisadikiki.

Watazamaji nao waligawanyika. Baadhi yao walisema kuwa hiyo ndiyo dunia ya leo ilivyo, mkwasi akistarehe kwa kutazama maskini wakiangamizana. Wengine walijibu kuwa hapana nchi ambayo mdaiwa hupigwa risasi kwa kushindwa mchezo, kwa hiyo hadithi yote ni uzushi. Pande zote mbili zilitazama damu, na damu ndiyo yenye maana ndogo kabisa katika hadithi hiyo. Kutia chumvi ni haki ya mtunzi. Msikilizaji wa ngano hamlaumu mtambaji kwa kuwa sungura wake anasema. Humlaumu ikiwa tabia ya sungura huyo si tabia ya watu.

Kweli ya tamthilia hii imo katika sehemu ya pili, ambayo haina mchezo hata mmoja. Baada ya mchezo wa kwanza wamesalia watu 201. Mkataba waliotia sahihi unasema kuwa mashindano yatakoma ikiwa walio wengi wataka hivyo. Basi wanapiga kura: 101 wanataka kuondoka, 100 wanataka kubaki. Wote wanaachiliwa, wanarudishwa mjini, na hapana bunduki tena nyuma yao. Huko wanakuta yale waliyoyaacha. Mmoja, Gi-hun, anamkuta mama yake mgonjwa wa kisukari, mguu umeharibika, na fedha ya bima mwana alikwisha kuitumia. Kibarua kutoka Pakistani anamwendea tajiri wake ambaye hajamlipa mshahara kwa miezi. Msichana aliyetoroka Korea Kaskazini anatafuta fedha ya kumvusha mama yake na kumtoa ndugu yake mdogo katika nyumba ya yatima. Siku chache zikapita, na katika wale 201 wakarudi kisiwani 187, kwa miguu yao wenyewe, wakijua vema kinachowangoja.

Hii ndiyo hoja nzito, nayo haina chumvi. Mkataba huhesabiwa kuwa halali kwa kuwa mwenye kuutia sahihi ameridhia, naye huambiwa baadaye kuwa hana haki ya kulalamika. Wale 187 waliridhia. Lakini ridhaa ya mtu aliyefungiwa kila mlango mwingine ni ridhaa ya namna gani? Mwaka ule tamthilia ilipotoka, madeni ya nyumba za Wakorea, yakijumlishwa pamoja, yalizidi thamani ya mapato ya nchi nzima kwa mwaka. Kila siku mtu mmoja mahali fulani hutia sahihi karatasi ya mkopo ambao riba yake anajua hawezi kuistahimili, na karatasi husema kuwa amefanya hivyo kwa hiari. Dawa ya deni ni kulipa, husema Waswahili. Methali haikueleza alipe kwa kitu gani.

Walakini kioo hiki kina upande usiong'aa. Gi-hun alikuwa fundi katika kiwanda cha magari, akafukuzwa kazi. Usiku mmoja anakumbuka mgomo ambao mwenzake aliuawa mbele ya macho yake. Mgomo huo umetolewa katika jambo lililotokea kweli. Mwaka 2009, katika mji wa Pyeongtaek, kampuni ya SsangYong ilikusudia kupunguza wafanyakazi zaidi ya 2,600, nao wakakikalia kiwanda kwa siku 77 mpaka polisi walipowatoa kwa nguvu. Katika tamthilia mambo hayo yamekuwa jinamizi la mtu mmoja. Kisiwani faida ya huyu ni kifo cha yule, na hata wema ukitokea, nao hutokea, mtenda wema hulipa kwa roho yake. Haiwezi kuwa vingine, kwa kuwa hadithi imejengwa juu ya mashindano.

Huko Pyeongtaek mambo yalikwenda njia nyingine. Mwezi wa Novemba 2013 mahakama iliamuru upande wa wagomaji uilipe kampuni na polisi fidia ya kadiri ya won bilioni 4.7. Hilo lilikuwa deni lisilolipika, la namna ileile inayowapeleka watu kisiwani. Muda si mrefu mama mmoja aliyesoma habari hiyo alilipelekea gazeti bahasha yenye won 47,000, akaandika kuwa watu 100,000 wakitoa kama yeye, deni litakwisha. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kwa kuwa zamani mshahara ulitolewa katika bahasha ya manjano, michango iliyofuata mwaka 2014 ilipewa jina hilo, na maelfu ya watu wakatuma.

Mtungaji alikichukua kiwanda akaiacha bahasha. Yamkini alifanya vema kwa kazi yake, maana bahasha haimkeshezi mtu mbele ya televisheni. Lakini aliyetazama tamthilia tu atadhani kuwa wenye dhiki, wakiachwa peke yao, hawajui ila kusukumana. Na dalili ya kuwa wengi walichukua mashindano wakaacha swali ni hii: mwaka 2023 kampuni ileile ilikusanya watu 456 wa kweli, wakacheza michezo ile bila kuuawa, kwa zawadi ya dola milioni 4.56, na watazamaji hawakukosekana.

Jina la bahasha halikupotea. Mwezi wa Agosti 2025 bunge la Korea Kusini lilipitisha sheria inayopunguza uwezo wa makampuni kuwadai wagomaji fidia, na watu huko huiita sheria ya bahasha ya manjano.