Akili, Nasaba na Uadilifu

Mtoto mwenye asili ya Afrika ya Mashariki anayekulia karibu na bandari ya Port Botany, mjini Sydney, huenda siku moja akasikia kwamba watu wa asili yake wameumbwa na akili pungufu. Akimwuliza mzazi wake, inafaa ajibiwe kwa elimu, si kwa ghadhabu.

Neno hilo si jipya. Mwaka 1933, huko Kenya, daktari H. L. Gordon alidai kuwa ubongo wa Mwafrika ni duni kwa maumbile. Na Australia yenyewe, kuanzia 1901 hadi 1958, sheria iliruhusu mgeni asiyetakiwa apewe imla ya maneno 50 katika lugha asiyoijua, akishindwa azuiwe kuingia. Kipimo cha namna hiyo hudhihirisha nia ya mpimaji, si akili ya mpimwaji.

Ni kweli kwamba mtoto hurithi kwa wazazi wake, na akili ina fungu lake katika urithi huo. Lakini tofauti baina ya mtu na mtu si ushahidi juu ya tofauti baina ya kundi na kundi. Watafiti waliwapima watoto wa Embu, Kenya, mwaka 1984, kisha wengine wa umri huo mwaka 1998. Hawa wa pili walipata alama za juu zaidi kwa kiasi kikubwa. Damu haigeuki kwa miaka 14. Yaliyogeuka, walisema watafiti, ni mambo kama lishe na elimu ya wazazi.

Waibadhi wanaijua maana hii tangu zamani. Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima, mwalimu mkubwa wa Basra, alikuwa maula, yaani mtu aliyeungwa na kabila lisilo lake, tena msukaji wa vikapu. Wanafunzi wake ndio walioichukua elimu hadi Oman na Maghribi. Mmoja wao, Abdurrahman bin Rustam, mwenye asili ya Kiajemi, alifanywa Imamu huko Tahert. Kwani Uimamu haukufungwa kwa Makureshi wala kabila jingine lolote, bali kwa elimu na uchamungu.

Ila hoja hii humrudia mwenye kuitoa. Mzazi anayechukizwa mwanawe kupimwa kwa rangi, naye nyumbani akamdharau mtu kwa kuwa babu yake alikuwa mtumwa, ameishika mizani ile ile anayoilaumu. Mtoto husikia yote mawili, na hufuata lile analoliona likitendwa. Suratul Hujurat, Aya ya 13, imekwisha kata shauri: ubora mbele ya Mwenyezi Mungu ni kwa uchamungu. Basi na aanze mzazi kwa ulimi wake mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.