Jua la Kuazima

Mtu anapomdhuru kiumbe anayempenda, na hali hakujua kuwa anamdhuru, je, ana lawama? Wanafalsafa wamelijadili swali hili kwa karne nyingi. Mimi lilinifikia kwa simu, likitoka kinywani mwa mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 12 aishiye na wazazi wake kaskazini mwa Uingereza.

Kijana huyo alinunuliwa mjusi mchanga. Si mjusi kama hawa wa kuta zetu. Asili yake ni nchi kame za ndani ya Australia, na kwa Kiingereza huitwa joka mwenye ndevu, kwani anapoghadhibika huitunisha ngozi ya kidevuni yenye miiba, ikageuka nyeusi. Wataalamu humwita Pogona vitticeps. Muuzaji aliwapa sanduku dogo la kioo na globu moja, akasema yatosha. Kijana akaliweka sanduku karibu na dirisha, ili mgeni wake apate na jua la nje. Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli aliwasha taa, na kila usiku aliizima. Hakukosa hata siku moja. Baada ya miezi kadhaa mjusi alianza kutetemeka miguu, kisha akashindwa kujiinua. Daktari wa wanyama akasema mifupa yake imelainika.

"Lakini mjomba," kijana aliniambia, "taa ilikuwa ikiwaka."

Naam, ilikuwa ikiwaka. Jua, msomaji mpenzi, hutupa mambo matatu kwa pamoja: nuru, joto, na miali ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho yetu. Miali hiyo, hasa ile ya aina ya B, ndiyo huiwezesha ngozi ya mjusi huyu kutengeneza vitamini D, na bila ya hiyo kalsiamu iliyomo katika chakula haiufikii mfupa ipasavyo. Globu ya kawaida hutoa nuru na joto tu. Dirisha nalo huipitisha nuru, lakini kioo chake huizuia karibu miali yote ya aina hiyo. Hata taa maalumu ya mrija, iliyoundwa kwa kazi hii, ina hila yake: aghalabu baada ya miezi 6 hadi 12 miali hufifia, ilhali mwanga ungali unang'aa. Mwenye kuitazama huridhika, na anayeishi chini yake hudhoofika.

Nyumba nayo ina hukumu yake. Mjusi hana joto la mwilini mwake mwenyewe. Hulitafuta kwa kutembea, akaota jua, kisha akakimbilia kivulini. Ndiyo maana sanduku lapasa kuwa na ncha mbili: moja yenye mahali pa kuota panapofikia nyuzi 40 hivi za Selsiasi, na nyingine ya nyuzi 25 au karibu na hapo. Katika sanduku dogo ncha hizo hukutana, nalo likawa tanuri au kivuli kitupu. Kwa vile akikua hufikia sentimita 45 hadi 60, wajuzi humtengea sanduku lisilopungua urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60. Kwake yeye nafasi ni uwezo wa kuchagua, na usiku anahitaji giza, taa zote zikiwa zimezimwa.

Wako watakaosema: mjusi huyu amezaliwa kizimbani. Sheria za Australia zinakataza kuwasafirisha wanyama wa aina yake kwa biashara, kwa hiyo walioko Ulaya ni uzao wa vizimba, vizazi kwa vizazi. Hakulijua jangwa; atalililiaje? Hoja hii ina sura ya hekima, lakini kutojua ulichonyimwa hakukufanyi usiwe umenyimwa. Tumtazame kijana mwenyewe. Amezaliwa huko huko, wala halioni pengo la jua la Unguja. Hata hivyo serikali ya Uingereza inawashauri watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, mwaka mzima, na mama yake humpa kidonge kila asubuhi. Moyo wake haulitaki jua hilo, lakini mifupa yake yalihitaji. Tofauti ya kijana na mjusi wake ni kuwa yeye alikuwa na mtu aliyejua kwa niaba yake.

Basi lawama ni ya nani? Mzigo mkubwa ni wa aliyeuza, kwani kujua ilikuwa kazi yake. Kijana namwona na udhuru, ila udhuru huo una mwisho. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa kiza, wala hawakusema tulale humo. Anayemtoa kiumbe katika jua lake amejitwika dhamana ya kumpatia jua jingine, na dhamana hiyo haitimizwi kwa mapenzi pekee; yataka kuuliza, kupima, na kutoyaamini macho yake mwenyewe.

Mjusi yu hai. Mgongo wake umebaki na kibyongo. Sanduku sasa ni refu, taa ni ya mrija, na ubavuni mwa sanduku kijana ameandika kwa kalamu tarehe aliyoifunga taa hiyo. Chini yake ameandika tarehe nyingine, ya kuibadilisha, hata kama itakuwa ingali ikiwaka.