Mkono Uliobaki Hewani

Saa kumi na mbili na nusu jioni, stejini Olympic, Kibera, matatu zinateremsha watu wa kutoka mjini na wengine wanafika kwa miguu kutoka Industrial Area. Kando ya mkokoteni wa miwa, mtoto wa kama miaka mitatu amejibwaga chini na kugaagaa vumbini. Muuzaji amemkatia muwa vipande vidogo vidogo, kama wanavyokatiwa watoto. Yeye alitaka ule mrefu, wa kushika kwa mikono miwili na kumenya kwa meno. Mama yake amesimama, mfuko wa sukuma wiki mkononi. Mpita njia mmoja anasema, "Mfinye kidogo atanyamaza." Mwingine anasema, "Si umpe tu anachotaka?"

Tumezoea kusema mtoto kama huyu analilia kitu kidogo. Sikubali. Muwa ukishakatwa hauungiki, na yeye ndiyo kwanza anakutana na jambo hilo: kwamba hapa duniani yapo yasiyorudi. Sisi wakubwa tulikwisha kulipokea, tena kwa machozi yetu, ila hatukumbuki. Ukimpa sasa muwa mrefu, huenda akautupa, kwa sababu haja yake imeshahama. Katikati ya kilio anainua macho kidogo na kumtazama mama. Anataka kujua kama hili lililomshinda yeye limemshinda na mama pia.

Swali hilo ni zito, na mzazi analijibu kwa uso kabla hajafungua mdomo. Tatizo ni kwamba saa hiyo uso wa mama hauko kwa mtoto. Unawajibu wale wanaomtazama: muuza miwa, makanga, jirani ambaye kesho atasimulia bombani. Naamini makofi mengi wanayopigwa watoto hadharani yanatoka hapo. Si ukaidi wa mtoto unaoinua mkono, ni aibu ya mzazi mbele ya watu. Anayetulia huwa ameamua, kwa dakika chache, kuwa mtu wa mmoja tu pale stejini.

Lakini kutulia ni nini hasa? Mwanafalsafa Mroma Seneca, katika karne ya 1, alimwandikia kaka yake Novatus vitabu vitatu kuhusu hasira, na dawa aliyoisifu kuliko zote ni kukawia. Anasimulia kwamba Plato aliwahi kumkasirikia mtumwa wake, akamwamuru avue nguo achapwe, kisha akagundua kwamba ghadhabu imempanda. Akauacha mkono wake palepale hewani ulipokuwa umefika. Rafiki alipoingia na kumuuliza anafanya nini, akajibu kwamba anamwadhibu mtu mwenye hasira, yaani yeye mwenyewe. Watu wamekisifu kisa hicho kwa karne nyingi, na kwa haki. Mkono uliozuiliwa ni ushindi. Ila kila nikikifikiria, namfikiria yule mtumwa. Bado amesimama, mgongo wazi, anautazama mkono ulio juu. Bwana wake amejishinda, na yeye hakuambiwa lolote.

Mtoto naye huachwa hivyo mara nyingi. Mzazi anauma meno, anakaza uso, anahesabu hadi kumi, na anadhani ametulia. Miaka ya 1970 huko Marekani, mwanasaikolojia Edward Tronick na wenzake waliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha kwa dakika chache wawatazame kwa uso usioonyesha chochote. Watoto walijaribu kila walichojua: walitabasamu, walinyoosha mikono, walitoa sauti. Waliposhindwa waligeuza kichwa pembeni, na wengine walilia. Hakuna aliyewapigia kelele wala kuwagusa. Uso uliofungwa ulitosha kuwavunja moyo. Kwa hiyo utulivu wa jiwe si jibu la swali la mtoto. Jiwe halijashindwa, ni kweli, lakini pia halipo naye.

Wazee wa Kinubi wa Makina, ambao babu zao askari walipewa makazi hapa Kibera mwanzoni mwa karne ya 20, ni Waislamu, na katika Uislamu kuna fundisho la Mtume kuhusu hasira ambalo naliona karibu zaidi na haja ya mzazi: aliyesimama na akakasirika, na akae chini, isipomtoka, na alale. Ni agizo kwa mwili, halingoji moyo utulie kwanza. Na anayekaa chini mbele ya mtoto, hata kama hakukusudia, anajikuta macho yake yamelingana na ya mtoto. Mkono hauna tena pa kushukia. Hapo ndipo sauti ya kawaida inapopatikana: "Pole, baba. Ulitaka mrefu. Umekatwa." Hakuna ahadi ndani ya maneno hayo. Yanasema tu kwamba msiba umeonekana na mtu mzima bado yuko. Mtoto ataendelea kulia, pengine kwa muda mrefu, na hilo si dalili kwamba mzazi ameshindwa.

Mwaka 2001 serikali ya Kenya iliondoa kiboko shuleni, na Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inamlinda mtoto dhidi ya ukatili na adhabu za kinyama. Nashukuru kwa sheria hizo kwa moyo wote. Lakini sheria inaweza kuunyang'anya mkono kiboko, haiwezi kuupa cha kushika badala yake.

Na cha kushika kinatoka wapi? Ushauri wa malezi huzungumza kana kwamba utulivu ni akiba ambayo kila mtu anaweza kuichota kifuani mwake. Mama aliyefua nguo za watu Lavington tangu asubuhi na kurudi kwa miguu hadi Kawangware, au Gatwekera hapa Kibera, kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, akiba hiyo ameshaitumia kumvumilia tajiri wake. Ninachokiona mitaani ni kwamba utulivu hukopeshwa. Ukuta wa mabati hausitiri kitu. Kilio cha mtoto hupita, na sauti ya mama inapoanza kupanda hupita pia. Ndipo jirani anaita kutoka ng'ambo: "Mama Brayo, hebu niletee huyo kijana." Robo saa tu. Jirani huyo hakusoma kitabu chochote, lakini amempa mama pumzi ya kumpa mtoto.

Mtaa huu unajua pia kinachotokea hasira ya watu wazima inapokosa wa kuikopesha pumzi. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, soko la Toi lilichomwa, na Januari 2008 reli iling'olewa Kibera. Waliokuwa na miaka mitatu wakati ule sasa wamevuka ishirini, na baadhi yao wanabeba watoto wao wenyewe mgongoni.

Kwao, na kwa kila mzazi ambaye leo mkono haukubaki hewani bali ulishuka, Tronick ana jambo jingine la kusema. Alipochunguza mama na mtoto wakiwa katika hali yao ya kawaida, aliona kwamba sehemu kubwa ya muda hawapatani: mmoja anacheka, mwingine amechoka, mmoja anataka, mwingine hajaelewa. Kilichomjenga mtoto kilikuwa kurudiana, mara kwa mara, kila siku. Kwetu mzazi kumwomba mtoto msamaha ni jambo gumu, wengi wanahofu heshima itapotea. Lakini mtoto aliyepigwa hana njia ya kujua kama kosa lilikuwa lake au lilikuwa uchovu wa mtu mzima, na asipoambiwa atajichukulia lote. Usiku chakula kikiwa mekoni bado kuna nafasi ya kumpakata na kumwambia: nilikupiga, nilikuwa nimechoka, haikuwa sawa. Akiwa na miaka mitatu hataelewa maneno yote. Uso atausoma.