Sumu ikishachujwa, inabaki kuwa ya nani?

Tumezoea kuyahukumu maji kwa mambo matatu: rangi, harufu na ladha. Yasipobadilika, tunatawadha na nyoyo zimetulia. Lakini madini ya risasi yakishayeyuka majini hayaonekani wala hayanuki. Maji hayo hayo yanayokutosha kwa udhu yanaweza kumharibu ubongo mtoto anayeyanywa kila siku.

Hapo ndipo linaposifiwa jiwe liitwalo zeolaiti. Hutokana na majivu ya volkano yaliyokaa na maji kwa zama nyingi. Hata kwenye matabaka ya Olduvai limo. Ndani lina vitundu visivyoonekana kwa macho, vyenye sodiamu na kalisi. Maji yenye risasi yakipita, jiwe huachia sodiamu yake na kuishika risasi, mali kwa mali. Subhanallah, bila umeme!

Wengi huishia hapo na kushangilia. Mimi nauliza: hiyo risasi imekwenda wapi? Haikufa. Imo ndani ya jiwe, na jiwe likijaa halishiki tena. Ukilisuuza kwa maji ya chumvi ili litumike upya, risasi hutoka na maji hayo. Ukiyamwaga mtaroni, umemwokoa mwanao na kumpelekea sumu mtoto wa bondeni. Wanazuoni wa fiqhi wana kanuni mashuhuri kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Wala tusijidanganye kwamba kanuni hiyo ni ya ugomvi wa mipaka ya viwanja tu.

Kule Sellafield, Uingereza, jiwe la jamii hii linatumika tangu 1985 kunasa mabaki ya nyuklia kabla maji hayajaingia baharini. Likishajaa halitupwi jaani. Hutunzwa kama taka ya hatari.

Sasa ya kwetu atayatunza nani? Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulikaa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kuanzia 2007 hadi 2014, na risasi ikaingia katika damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mtu akienda mtaa kama ule kuuza ndoo za mawe ya kuchujia, aulizwe kwanza kama atarudi kuyachukua yakijaa. Na gharama asibebeshwe mama muuza maandazi. Aliyekula faida ya betri ndiye mwenye sumu, na mawe yaliyoibeba ni yake pia, ayahifadhi kwa fedha zake.